Sindano ya ganzi kisogoni: kutibu kipandauso kupitia neva

Kipandauso hupanda usoni kama jina lake linavyosema: kwenye panja au nyuma ya jicho, mara nyingi upande mmoja, kikipwita kwa saa 4 hadi 72 kisipotibiwa. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kushangaa anapoambiwa ainame achomwe sindano kisogoni.

Kuzuia neva maana yake ni kumimina dawa ya ganzi kando ya neva, si ndani yake, ili kwa muda isipitishe taarifa za maumivu. Inayolengwa zaidi ni neva kubwa ya kisogo. Hutoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili za shingo, ikapanda chini ya ngozi ya kichwa hadi karibu na utosi. Jichoni haifiki. Lakini pale shina la ubongo linapokutana na uti wa mgongo, taarifa zake huangukia seli zilezile zinazopokea taarifa za neva ya trijemina, ambayo ndiyo neva ya paji, jicho na shavu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kipandauso hukazwa na shingo pia. Ukinyamazisha mlango mmoja, kituo chote hupoa. Na jambo la ajabu ni kwamba ganzi huisha baada ya saa chache, ilhali nafuu inaweza kudumu siku kadhaa, hata wiki.

Mgonjwa huketi na kulaza paji la uso juu ya mikono yake mezani. Tabibu hupapasa kogo, ile nundu ya katikati ya kisogo, kisha mfupa ulio nyuma ya sikio, na kuwazia mstari kati ya hizo mbili. Neva ipo kwenye theluthi ya mstari iliyo karibu na kogo, na mshipa wa damu unaodunda huwa upande wake wa nje. Ngozi husafishwa kwa spiriti. Sindano nyembamba, ya geji 25 hadi 30, huingizwa mpaka iguse mfupa, hurudishwa kidogo, bomba huvutwa kuona kama damu inaingia, ndipo dawa humiminwa: mililita 1.5 hadi 3 kila upande.

Dawa yenyewe ni ya kawaida kabisa: lignokaini ya asilimia 1 au 2, au bupivakaini ya asilimia 0.25 hadi 0.5. Hapa hesabu ni muhimu. Lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita, hivyo mililita 3 kila upande ni miligramu 120. Kikomo cha lignokaini isiyo na adrenalini ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani 225 kwa mtu wa kilo 50. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu, mgonjwa anaweza kusikia ladha ya chuma, midomo kufa ganzi na masikio kuvuma, ikizidi, degedege.

Baada ya dakika 5 hadi 20 nusu ya kisogo inapaswa kuwa na ganzi. Isipokuwapo, neva imekoswa, mara nyingi kwa sababu dawa imeishia juu juu kwenye ngozi. Hapo usiseme tiba imeshindwa, kwa kuwa haijafanyika. Kosa jingine ni kumruhusu mgonjwa asimame mara moja. Wengine huzirai, hivyo akae kwanza dakika 15 au zaidi.

Wapo wanaochanganya ganzi na steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe. Kwa maumivu ya kichwa ya vishada, yale makali ya upande mmoja yanayorudi kwa misimu, zina faida. Kwa kipandauso faida ya ziada haijaonekana wazi, na zinaweza kuacha kipara mahali zilipochomwa au ngozi iliyobonyea. Kwa neva za juu ya nyusi, ambako robo mililita hadi moja ya ganzi hutosha, ni heri kutotia steroidi.

Aliyewahi kupasuliwa fuvu upande wa nyuma achunguzwe kwanza, kwa sababu mahali palipokosa mfupa dawa inaweza kupenya ndani. Aliyewahi kudhurika na dawa ya ganzi, hata kwa daktari wa meno, aseme.

Wengi huchanganya sindano hii na ile ya sumu ya botulinumu (Botox). Hiyo ni kinga, hutolewa kwa wenye kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi: yuniti 155 katika sehemu 31 za kichwa, shingo na mabega, kila wiki 12.

Tahadhari moja hata kwa matabibu wazoefu: kupona baada ya ganzi hakuthibitishi kwamba kilikuwa kipandauso. Maumivu yenye chanzo cha hatari nayo huweza kutulia. Kichwa kilichouma ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja, au kinachouma pamoja na homa na shingo ngumu, kipimwe kwanza, sindano ingoje.