Mungu na wanyama: dhana potofu na ukweli wa Maandiko

Dhana: Mwanadamu alipewa mamlaka juu ya wanyama, kwa hiyo anaweza kuwafanyia apendavyo.

Ukweli: Wengi husoma Mwanzo 1:28, penye neno "mkatawale", kisha hufunga kitabu. Wangesogea aya mbili tu mbele wangemwona Mungu mwenyewe akiwagawia wanyama na ndege majani wale. Siku hiyo hata chakula cha mwanadamu kilikuwa mimea. Ruhusa ya nyama inakuja Mwanzo 9:3, baada ya gharika, tena ikiwa na sharti kuhusu damu. Na mwenye wanyama ni nani? Zaburi 50:10 inajibu: "Maana kila hayawani ni wangu." Anayetawala mali ya mwingine atatoa hesabu kwa mwenyewe.

Dhana: Torati ililinda wanyama kwa sababu tu walikuwa mali ya watu.

Ukweli: Hapa ndipo ninapotamani watu wasome polepole. Kutoka 23:5 inamtaja punda wa mtu anayekuchukia, amelala chini ya mzigo wake. Huna faida yoyote kwake, na mwenyewe hamsemezani, lakini ni lazima umsaidie kumwinua. Kumbukumbu la Torati 22:6 inamlinda ndege wa porini asiye na mmiliki: ukikuta kiota, usimchukue mama pamoja na makinda yake. Kutoka 23:11 inaagiza shamba lipumzike mwaka wa saba, maskini wale, na watakachosaza waachiwe wanyama wa mwituni. Hata Sabato inawataja wanyama wa kufugwa katika amri yenyewe, Kutoka 20:10.

Tena kuna Balaamu. Alimpiga punda wake mara tatu bila kujua kwamba mnyama alikuwa anamkwepa malaika mwenye upanga. Macho yake yalipofumbuliwa, swali la kwanza la malaika lilikuwa: mbona umempiga punda wako mara hizi tatu? Kisha akamwambia kwamba punda asingegeuka, yeye Balaamu angeuawa na punda angeachwa hai (Hesabu 22:32-33). Sijui andiko jingine linalomkalisha nabii chini kwa ajili ya kipigo cha mnyama.

Dhana: Paulo alisema Mungu hajali ng'ombe.

Ukweli: Katika 1 Wakorintho 9:9 Paulo anauliza, "Je, hapo Mungu aangalia mambo ya ng'ombe?" Soma sura nzima. Anatetea haki ya mhubiri kupata riziki kwa kazi yake, na hoja yake inasimama juu ya amri ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Kama ng'ombe hastahili kula anachokitolea jasho, hoja ya Paulo inaanguka yote. Anapanda kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu, bila kuifuta haki ya ng'ombe.

Dhana: Sadaka za kuteketezwa zinaonyesha uhai wa mnyama ulikuwa rahisi.

Ukweli: Sheria hizohizo zilikataza kumchinja mama na mtoto wake siku moja (Mambo ya Walawi 22:28).

Dhana: Yesu alithamini watu tu.

Ukweli: Ni kweli alisema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi. Lakini angalia bei anayoitaja. Katika Mathayo 10:29, wawili kwa senti moja. Katika Luka 12:6, watano kwa senti mbili. Maana yake ukinunua wanne, wa tano unaongezewa bure. Huyo wa nyongeza, ambaye hata muuzaji hamhesabii kitu, Yesu anasema hasahauliwi mbele za Mungu.

Dhana: Ahadi za Mungu ni za wanadamu peke yao.

Ukweli: Maandiko hayasemi kama mbwa wako utamkuta mbinguni, nami sitayasemea. Lakini agano la baada ya gharika halikufanywa na Nuhu na wanawe peke yao. Mwanzo 9:10 inawataja ndege, wanyama wa kufugwa na kila mnyama wa mwituni aliyetoka safinani, na aya zinazofuata zinarudia jambo hilo tena na tena.