Roboti Ndani ya Bomba la Gesi na Visanduku Vinavyowekwa Mkuzani

Wakazi wa maeneo yanayopitiwa na mabomba ya gesi wamekuwa wakilalamikia visanduku vidogo ambavyo mafundi huvipanga juu ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na bomba, wakati wa ukaguzi, wakidhani ni kamera za kuchunguza mashamba yao. Si kamera, na tumekwisha kulieleza jambo hili mara nyingi.

Mabomba makubwa ya chuma, mfano wa lile la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, hukaguliwa kwa roboti isiyo na waya wala dereva, inayosukumwa na gesi yenyewe. Sumaku zake hujaza usumaku kwenye ukuta wa bomba, na pale chuma kilipoliwa na kutu usumaku huvuja, vihisio vikaunasa. Kwa kuwa vipimo huharibika mwendo ukizidi, roboti hupima kasi yake na kufungua vali iliyo mwilini mwake, gesi ipite katikati nayo ipunguze mwendo. Hakuna mtu ofisini anayeiongoza. Mawimbi ya setilaiti hayaifikii ndani ya chuma.

Kwa sababu hiyo huhesabu mizunguko ya magurudumu yanayogusa ukuta ili kujua ilipo. Gurudumu huteleza, na kosa la asilimia 1 katika kilomita 100 ni kilomita nzima. Kisanduku hutambua sumaku ikipita chini yake na kurekodi saa, kisha wahandisi huitumia kusahihisha hesabu ya roboti. Kikiondolewa, tunaweza kufukua shamba lisilo na kasoro na kuacha palipoliwa na kutu. Bomba likivuja huweza kuua: jijini Nairobi, mtaa wa Sinai, Septemba 12, 2011, mafuta yaliyovuja bombani yaliwaka na kuua watu zaidi ya 100.

Anayekwazwa na kisanduku amweleze mwenyekiti wa kijiji, naye awasiliane na fundi, ambaye ndiye pekee anayeruhusiwa kukihamisha, baada ya kupima upya na kuandika mahali papya. Aliyekiokota anapaswa kukikabidhi kwa mwenyekiti bila kukifungua. Kuharibu miundombinu ya bomba ni kosa la jinai, na kurudisha kilichochukuliwa hakufuti kosa hilo. Ukaguzi ukikamilika, mafundi huvikusanya visanduku vyote. Nguzo za alama za kudumu hubaki, nazo pia zisiguswe.