Je, wajua kwa nini mchakamchaka huamsha akili?

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, siku huanza kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijagongwa. Wanafunzi wamefanya namba (usafi wa maeneo waliyopangiwa), uwanja umefagiwa, mifagio imerudishwa stoo. Kiranja anaanzisha wimbo, mistari inaanza mchakamchaka, yaani mbio za pamoja za kuimba, na kwa dakika kama ishirini mtaa mzima unajua shule imeamka. Ungetegemea watoto hawa waingie darasani hoi, wasinzie. Mbona wengi wao huingia wachangamfu?

Tuanzie kichwani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili unapotulia, ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati. Ukikimbia, moyo huongeza mapigo na mwili hutoa kwa wingi kemikali kama noradrenalini na dopamini, ambazo kazi yake moja ni kumweka mtu macho na kumpa ari. Mbio zikiisha, kemikali hizo hazipotei papo hapo. Mwanafunzi anakaa kwenye dawati zikiwa bado zinafanya kazi.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha jaribio la watoto 20 wa umri wa miaka tisa hivi. Siku moja watoto walikaa tu. Siku nyingine walitembea dakika 20 kwenye mashine ya mazoezi, moyo ukidunda kwa asilimia 60 hivi ya uwezo wake. Mapigo yaliporudi karibu na kawaida, wakapewa majaribio. Baada ya kutembea makosa yao yalipungua kwenye maswali ya umakini, na wakafanya vizuri zaidi katika kusoma na kuelewa. Ni kikundi kidogo, kweli, ila dakika 20 ndizo hizohizo za mchakamchaka.

Angalia lakini kwamba walitembea, hawakukimbizwa. Hapo ndipo shule nyingi zinapokosea. Utafiti mwingine, wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha watoto zaidi ya 5,000, ulilinganisha mapumziko ya nje, mbio za kukimbia mpaka pumzi zinakata, na dakika 15 za kutembea au kukimbia kila mtu kwa mwendo wake. Waliotoka na faida kubwa kwa umakini na furaha ni hao wa mwendo wao wenyewe. Kuchosha watoto mpaka waheme si sifa.

Mchakamchaka una breki yake, nayo ni wimbo. Anayekimbia kama yuko kwenye fainali za UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, hawezi kuimba. Kiranja anapotoa mstari, kundi linavuta pumzi. Kundi linapoitikia, kiranja anapumzika. Wimbo ukianza kukatikakatika ujue mwendo umezidi, na kiranja mzoefu hupunguza bila kuambiwa.

Wimbo una kazi ya pili. Mwaka 2010 watafiti wa Oxford walieleza jinsi walivyowapima wapiga makasia 12 wa chuo hicho. Walifanya mazoezi kwenye mashine, mara kila mtu peke yake, mara wote pamoja kwa mdundo mmoja. Nguvu waliyotumia haikutofautiana, lakini baada ya mazoezi ya pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi, dalili kwamba mwili umetoa endofini nyingi, zile kemikali za asili zinazotuliza maumivu na kuleta raha. Kumbe kukanyaga kwa pamoja, kushoto kulia, si mbwembwe za gwaride tu.

Na mwalimu je? Mara nyingi mwalimu wa zamu husimama pembeni na fimbo, akisubiri wachelewaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwalimu akiingia mstarini dakika 20 kwa siku tano, ana 100 tayari, na kutembea kwenda nyumbani kunaweza kumalizia. Mtoto anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku. Mchakamchaka ni theluthi, nyingine zitatoka kwenye michezo kama rede, kombolela na kamba. Tena ile endofini ya mdundo mmoja haiulizi nani ni mwalimu nani ni mwanafunzi. Mwenye rundo la madaftari themanini ya kusahihisha anaihitaji kuliko wote.

Kinachoharibu yote haya ni kugeuza mbio kuwa adhabu. Mtoto anayezungushwa uwanja mara kumi kwa kuchelewa hujifunza kwamba kukimbia ni mateso. Vilevile, aliyetoka nyumbani bila hata chai aachwe atembee. Tumbo tupu na jua ni njia fupi ya kuanguka mstarini.

Jingine: uchangamfu huu haudumu mpaka jioni. Hufifia polepole baada ya mazoezi, ndiyo maana kufuta mapumziko ya saa nne ili darasa la saba lipate kipindi cha ziada ni hesabu mbaya. Kwa kile kipindi kigumu cha saa saba mchana, hakuna haja ya kurudi uwanjani. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwasimamisha wanafunzi, wakaimba jedwali la saba huku wakirukaruka na kupiga makofi, naye akiruka nao, kisha wakae waendelee na hesabu za sehemu.