Seli T huisoma korosho ikishakatwa

Mwezi wa saba mjomba wangu, kiongozi wa chama cha msingi huko Tandahimba, alilala siku sita kwa mafua makali. Mwanzoni aliisingizia salfa, maana mikorosho ilikuwa inapuliziwa, lakini kipimo kikaonyesha influenza. Nilipokwenda kumjulia hali, hata shikamoo yangu hajaimaliza kuiitikia, akaniuliza: "Mpwa wangu, mwaka juzi yalinilaza hivihivi. Kwani mwili haujifunzi?"

Kinga ya mwili ndiyo kazi yangu maabara, hapa Mtwara mjini. Swali lake nililijibu kwa korosho.

Kirusi cha influenza kimejaa protini mbili juu ya ganda lake: hemaglutinini, inayokinasisha kwenye seli za njia ya hewa, na neuraminidasi, inayowafungua virusi wapya watoke. Kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea kwenye damu, huzishika protini hizi zikiwa nzima, kwa umbo lake la nje. Kichwa cha hemaglutinini kikibadilika kidogo tu, kingamwili za mwaka juzi zinapwaya.

Seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, ina njia nyingine, na mjomba anaijua bila kujua. Ghalani hakuna anayepanga daraja la korosho kwa kutazama ganda peke yake. Sampuli inatolewa kwenye magunia, inakatwa katikati, nusu zinapangwa mezani, kiini kinaonekana. Seli iliyovamiwa hufanya vivyo hivyo: huzikatakata protini za kirusi, huweka kipande juu ya molekuli iitwayo HLA, kama juu ya sahani, kisha hukipandisha nje ya utando wake. Seli T ya kuua hupita na kukipapasa. Ni kipande kifupi mno, asidi amino (matofali ya protini) 8 hadi 10. Seli T saidizi hupewa vipande virefu zaidi na seli zilizokwisha kummeza kirusi.

Kimoja nakipenda sana. Kimetoka kwenye hemaglutinini ya aina ya H3, asidi amino ya 306 hadi ya 318. Kikilala juu ya HLA-DR1, aina mojawapo ya HLA, asidi amino iitwayo tirosini, ya nafasi ya 308, inazama ndani ya kishimo na kukishikilia kipande chote. Baadhi ya asidi nyingine zinabaki zimetazama juu, na hizo ndizo seli T inazozigusa. Inasoma kipande na sahani yake kwa pamoja, jambo ambalo Rolf Zinkernagel na Peter Doherty waliligundua kwa panya na kirusi kingine, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Vipande vingi hutoka sehemu za protini zisizobadilika haraka, hasa protini za ndani ya kirusi, ambazo seli T za kuua huzifuata sana. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka juzi bado ina kazi. Ila seli T haizuii mlango. Inafika kirusi kikiwa kimeshaingia, inaua seli zilizovamiwa, na ugonjwa unapunguzwa makali. Chanjo ya kila mwaka bado inahitajika, hasa kwa mzee kama yeye.

"Na hizo sahani," akauliza, "nimerithi kwa mama au kwa baba?"

Kwa wote wawili, nikamwambia, nusu kwa nusu. Na zile za bibi, huenda baadhi mimi na yeye tunazo sote.