Beta mpole: upole wake una maana gani?

Wengi wetu tunamjua samaki beta mmoja tu: yule dume mwenye mapezi marefu kama kanga iliyotandazwa, anayeuzwa peke yake kwenye kikopo. Huyo ni Betta splendens, na anatengwa kwa sababu madume wawili wakikutana huraruana. Kwa hiyo mtu akisikia "beta mpole" hudhani ni samaki yuleyule, ila huyu kajaliwa tabia nzuri. Sivyo. Ni spishi nyingine, Betta imbellis, iliyopewa jina hilo la kisayansi na Ladiges mwaka 1975. Imbellis ni neno la Kilatini, maana yake "asiye wa vita".

Kwao ni Malaysia, kusini mwa Thailand na kaskazini mwa Sumatra, kwenye majaruba ya mpunga, mitaro na vinamasi vyenye majani mengi. Ni mdogo, kama sentimita 5 hivi. Dume ana mwili wa giza wenye magamba yanayometameta buluu na kijani, na kwenye ncha ya mkia ana utepe mwekundu uliopinda kama mwezi mwandamo. Mapezi yake ni mafupi, na kwa macho yangu anapendeza kuliko yule wa dukani.

Sasa huo upole. Ni upole wa kulinganisha, na hapa ndipo wafugaji wapya wanapoumia. Dume wa imbellis bado ana eneo lake na bado analilinda. Akitokea mwenzake, wote wawili hutanua mapezi, hufunua mashavu, husimama ubavu kwa ubavu na kupigana mawimbi ya maji kwa mikia. Ukiwatazama mara ya kwanza moyo unakwenda mbio. Lakini baada ya muda mmoja hunywea: mapezi hukunjwa, rangi hupauka, mistari hujitokeza ubavuni, naye hufyata mkia na kujichomeka kwenye majani. Mshindi humwacha. Tofauti yake na beta wa dukani iko hapo, kwenye namna ugomvi unavyokwisha. Huko Siam, yaani Thailand ya leo, watu walimzalisha splendens kwa karne nyingi kwa ajili ya mapambano, wakichagua wale wasiorudi nyuma. Hata splendens wa porini si mkali kama huyo wa kufugwa.

Kwa hiyo upole wa imbellis unahitaji nafasi. Aliyeshindwa lazima apate pa kukimbilia. Ukiwafungia madume wawili kwenye tangi la lita 20 lililo wazi, anayekimbia anarudi palepale kwa anayemfukuza, na mapezi yatachanika. Kwa dume na jike mmoja, mimi ningeanza na lita 40. Kwa kikundi, lita 100 na zaidi, lenye mimea mingi, vipande vya miti na mimea inayoelea, ili samaki wasionane muda wote. Urefu wa tangi una faida kuliko kina.

Mengine si magumu. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28, chujio lipitishe maji polepole, maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Chakula anachokipenda ni wadudu wadogo, na viluwiluwi vya mbu ni karamu. Tangi liwe na mfuniko, maana anaruka vibaya sana. Ila acha nafasi ya hewa chini ya mfuniko: kama kambale wetu, samaki huyu ana kiungo cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, na asipoifikia hufa.

Ukiishi pwani una bahati moja. Majani makavu ya mkungu, yale yanayoanguka mekundu uani, ndiyo ambayo wafugaji wa Asia ya Kusini-Mashariki huyatia kwenye matangi yao. Yanatoa tanini, kemikali ya mimea, maji yanakuwa na rangi ya chai, na samaki wanatulia na kuonyesha rangi zao. Okota yaliyokauka yenyewe, mahali pasipopuliziwa dawa, uyaoshe.

Tahadhari kubwa ni damu. Imbellis na splendens huzaliana, na watoto wao nao huzaa. Wengi wanaouzwa kwa jina la imbellis wana mchanganyiko, na ukali wa upande wa pili huja nao. Muulize anayekuuzia wazazi walitoka wapi, na usichanganye aina hizi mbili nyumbani. Usiwamwage mtoni pia.

Dume na jike wakikubaliana, dume hujenga kiota cha povu chini ya jani linaloelea. Humkumbatia jike kwa kujipinda, mayai yanadondoka, naye anayafuata chini, anayabeba mdomoni na kuyapachika kwenye povu moja moja. Kwa siku moja au mbili yanaanguliwa. Vitoto havijui kuogelea bado, vinaning'inia kwenye povu, mikia chini, kama nyuzi, na kila kimoja kinachoanguka baba anakiwahi kabla hakijafika chini, anakirudisha juu.