Mhindi si lazima awe Mhindu: dhana potofu kuhusu nyota wa filamu bubu za Bombay

"Anaitwa Sulochana, basi ni binti wa Kihindu." Kosa hili linachosha, tena sisi tusingestahili kulifanya: Kiswahili kinatenga waziwazi Mhindi wa nchi na Mhindu wa dini. Sulochana ni Ruby Myers, Myahudi wa asili ya Baghdad aliyezaliwa Pune mwaka 1907, na kabla ya filamu kazi yake ilikuwa kuunganisha simu. Seeta Devi, aliyeanza kuonekana kwenye filamu mwaka 1925, ni Renee Smith, chotara wa Kizungu na Kihindi. Patience Cooper wa Calcutta naye alikuwa chotara, ila yeye aliachiwa jina lake.

Kwa nini wao? Binti wa nyumba yenye heshima, Mhindu au Mwislamu, akionekana kwenye filamu aliuaibisha ukoo mzima. Mtengenezaji filamu Phalke alitafuta mwigizaji wa kike hadi kwa makahaba, akakataliwa. Ndiyo maana malkia wa filamu yake ya 1913 ni mwanamume, Salunke, mfanyakazi wa mgahawa. Mabinti wa Kiyahudi na machotara walikuwa wamekwishazoea kutoka kwenda kazini. Kampuni ilimpa mmoja jina la Kisanskriti (Sulochana ni "mwenye macho mazuri"), ikamvika sari, kazi ikaanza. Lafudhi haikumsaliti, maana maneno yalisomwa kwenye vibao vya maandishi. Mwaka 1927, katika filamu Wildcat of Bombay, Sulochana alicheza watu wanane, wakiwemo polisi, muuza ndizi na Mzungu mwenye nywele za dhahabu. Uhindi wake kwenye pazia ulishonwa na fundi wa mavazi. Wa kuzaliwa ulikuwa wake mwenyewe. Kwa hiyo msimwite "Mhindi bandia". Mary Pickford, kipenzi cha Marekani, alizaliwa Toronto, na hakuna anayemwita Mmarekani bandia.

"Filamu za sauti zilimmaliza Sulochana." Wapi! Alijifunza Kihindustani akazirudia filamu zake zikiwa na sauti: Indira M.A. 1934, Anarkali 1935, Bombay Ki Billi 1936.

"Nadia ni nyota wa filamu bubu." Filamu ya kwanza ya sauti India, Alam Ara, ni ya 1931. Hunterwali, filamu iliyomfanya Nadia nyota, ni ya 1935. Angalieni mwaka kabla ya kuandika.

"Devika Rani ndiye mwanamke wa kwanza kuigiza filamu India." Yeye alianza na Karma, 1933. Durgabai Kamat na bintiye Kamlabai walikwishacheza Mohini Bhasmasur mwaka 1913, kwa Phalke huyohuyo aliyekosa malkia.