Kumzingatia mwanafunzi si mhadhiri kukaa pembeni: dhana potofu kwa anayeanza kufundisha chuo kikuu

Dhana: Ukigawa mada kwa vikundi, umeshamweka mwanafunzi katikati.

Hii ndiyo iliyoipaka matope njia ya kumzingatia mwanafunzi, yaani kumfanya afikiri, ajibu na abishane darasani badala ya kusikiliza tu. Mada kumi zinagawanywa wiki ya pili, kisha muhula mzima vikundi vinapokezana kusoma slaidi. Kikundi cha nne kinajua mada ya nne tu, na hata humo wawili wamefanya kazi, sita wameandikisha majina. Mhadhiri kapumzika, darasa halijafundishwa.

Kwa kweli mhadhiri anaongezewa kazi, hasa ya maandalizi. Ndiye anayetunga swali, anayejua wanafunzi hukosea wapi, na anayehakikisha kosa haliondoki nao ukumbini.

Dhana: Kwa darasa la watu 300 haiwezekani, viti vyenyewe vimefungwa sakafuni.

Inawezekana, mradi usitake vikundi vya watu kumi. Mtu na jirani yake wanatosha. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kufundisha madarasa makubwa kwa mtindo huu mwaka 1991.

Chukua somo la mofolojia ya Kiswahili, yaani jinsi maneno yanavyoundwa. Baada ya maelezo ya dakika 12 hivi, andika ubaoni: neno "kilipikwa" lina mofimu (vipande vidogo kabisa vyenye maana) ngapi? (a) 3, (b) 4, (c) 5. Dakika moja ni ya kimya. Kila mtu aandike jibu lake. Kisha wote waonyeshe vidole kwa mpigo mmoja, mikono ikiwa kifuani ili wasiigane: kimoja ni (a), viwili (b), vitatu (c). Aliyejibu 4 amehesabu silabi: ki-li-pi-kwa. Aliyejibu 3 ameichukulia "pikwa" kama kipande kisichogawanyika. Jibu ni 5, ki-li-pik-w-a, lakini usilitaje kwanza.

Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, wape dakika 2 au 3 kila mmoja abishane na jirani aliyejibu tofauti, halafu waonyeshe vidole tena. Wakiwa chini ya 30, mjadala hautazaa kitu. Fundisha upya kwa mfano mwingine. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele.

Kinachoharibu mara nyingi ni kuiruka ile dakika ya kimya: mwenye sauti kubwa anawaamulia wenzake. Kingine ni kuuliza "tumeelewana?" Ile "ndiyooo" ya ukumbi mzima haipimi chochote.

Dhana: Mtaala hautaisha.

Swali moja la namna hiyo, pamoja na mjadala, hula dakika 8 hadi 10. Kipindi cha dakika 50 kinabeba mawili au matatu. Kinachopungua ni kusomeana slaidi. Fasili na orodha zihamishie kwenye kurasa nne au tano za kusoma kabla ya kipindi, zikiwa na maswali mawili ya kukusanya mlangoni. Bila hayo maswali, wengi hawatasoma. Faili liwe jepesi, maana bando ni la mwanafunzi.

Dhana: Wakisema "huyu hafundishi", njia imeshindwa.

Utafiti uliofanywa kwenye madarasa ya fizikia ya Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanafunzi walioshirikishwa walijifunza zaidi, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kuumiza kichwa huonekana kama kutoelewa. Waambie hilo wiki ya kwanza, kabla fomu za tathmini hazijaja.

Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti 225 za sayansi, uhandisi na hisabati ulionyesha kuwa wanaofundishwa kwa mhadhara mtupu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wanaoshirikishwa. Hizo ni sapu nyingi, yaani mitihani ya marudio.

Dhana: Kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, kila mmoja afundishwe kivyake.

Ushahidi wa kutosha haupo. Mchoro uchore kwa sababu mada inaudai, na wote wautazame.

Dhana: Mtihani unaweza kubaki ulevule.

Hapa ndipo wageni wengi wanakwama. Darasani mmebishana muhula mzima, kisha mtihani unasema "taja sifa tano za mofimu". Kufikia muhula unaofuata habari zimeenea, na wanafunzi wamerudi kwenye madesa, yaani notsi za kukariri, ya mwaka jana. Wape neno ambalo hawajaliona, kama "wamelimiwa", waligawanye na kutetea kila mkato. Alama nyingi ziende kwenye utetezi.